Ombi la Kutolizoa Jaa Letu Kabla Halijasomwa

Chuo cha Uhazili na Biashara Nuru ya Nyanza,
Nyamagana,
Mwanza.
9 Februari 1999

Kumb. Na. NN/TAAL/JAA/1

Bwana Afya,
Ofisi ya Usafi,
Mwanza.

Ndugu Bwana Afya,

YAH: KUSITISHA UZOAJI WA TAKA NYUMA YA CHUO MPAKA MTIHANI UPATIKANE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika nikiwa Mkuu wa Taaluma wa chuo kilichotajwa, na kabla ya hapo nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari kwa miaka ishirini na miwili, mpaka nilipopunguzwa kazini wakati ule wa kupunguzwa.

Nimepokea notisi yako ya tarehe 3 mwezi huu inayotutaka tuwe tumeondoa jaa la nyuma ya chuo ifikapo Ijumaa tarehe 12, la sivyo mtalizoa wenyewe kwa trekta na kuyachoma yatakayobaki. Notisi imeandikwa vizuri, isipokuwa neno "harufu" limeandikwa "halufu", nami nimelirekebisha katika nakala yetu kwa nia njema. Nakubali kwamba jaa linanuka. Nakubali pia kwamba funza wake wamekwisha kufika kwenye ngazi ya ofisi ya wahadhiri. Pamoja na hayo nakuomba, kwa heshima zote, usiliguse, kwa sababu ndani yake imo mitihani ya watahiniwa arobaini na mmoja wa Hatimkato na Utunzaji wa Masjala, na kuichoma kutakuwa ni kuchoma maisha ya watu.

Ili usidhani kwamba naropoka, nitakueleza jambo hili tangu mwanzo.

Kama ujuavyo, hizi ni nyakati za soko huria. Chuo kilicho ng'ambo ya barabara kimechora televisheni ukutani na kuandika chini yake KOMPYUTA, na wanafunzi wanakimbilia huko kama nyuki. Mkurugenzi wetu naye akanunua kompyuta, ya kweli, tukaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani, na akaajiriwa fundi wa kuitengenezea programu ya kujumlisha alama na kuchapa vyeti. Fundi huyo anaitwa Collins Obiero, kijana wa Shirati aliyesomea mambo hayo Nairobi. Ni kijana mwenye adabu, tatizo lake ni kwamba anafikiri haraka kuliko anavyoandika.

Mtihani ulifanyika Novemba. Mimi mwenyewe nilisahihisha skripti zote, na Queen, mhazili wetu, akaziingiza alama kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeziona skripti hizo kwa macho, na hatukuwa na wasiwasi, kwa kuwa sote tulijua zimeingia kwenye kompyuta. Lakini ilipofika tarehe 18 Januari, siku ya kuchapa vyeti, programu ikagoma. Ilitoa kibao cheupe chenye maandishi ya Kiingereza, ikanyamaza.

Nikamtaka Bwana Obiero anipe ripoti ya maandishi. Chuoni kwetu upo waraka nilioutoa mimi mwenyewe, unaosema kwamba ripoti zote ziandikwe kwa Kiswahili sanifu bila kuchanganya neno la kigeni hata moja. Niliutoa baada ya kukuta kwenye ubao wa matangazo imeandikwa "Meeting itakuwepo baada ya lunch". Kijana akaazima kamusi yangu, akajifungia nayo saa tatu nzima, akatoka na karatasi hii, ambayo nainukuu kama ilivyo:

"Mkuu wa Taaluma, shikamoo. Programu ni nzima. Tatizo ni kwamba skripti zimo ndani ya jar. Nilipozijaribu nyumbani zilikuwa nje, kwenye folda, na programu iliziona. Sasa nimezifungia zote humo pamoja ili zisitawanyike, na programu ikizitafuta kwa njia ya folda haizipati, kwa sababu ndani ya jar hakuna folda. Dawa yake ni kumwomba mpakiaji wa darasa azitoe kama mkondo. Ni kazi ya siku mbili. Naomba ruhusa nianze."

Bwana Afya, nimeishi miaka hamsini na nane na sijawahi kusoma maneno machache yenye msiba mkubwa namna hiyo. Malalamiko yangu yanatokana na karatasi hiyo, nami nayaorodhesha.

1. Kuhusu neno "jar". Neno la Kiswahili haliishii na konsonanti. Nimelifundisha jambo hili tangu enzi za madaftari ya bure, na limenigombanisha na watu wazima wanaoandika "maalum" badala ya "maalumu". Kwa hiyo nilipoona "jar" nilielewa mara moja. Huku kwetu kila mtu ana herufi inayomsumbua. Msukuma atakuletea "lipoti". Mama yangu mzazi aliniita Levokatusi mpaka anafariki, na jina langu ni Revocatus. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata R, nikaweka A. Sentensi ikanyooka papo hapo: skripti zimo ndani ya jaa. Nyuma ya chuo lipo jaa moja tu, na wewe unalijua kuliko mimi. Nikampa kijana alama saba kwa kumi, nikamkata tatu za tahajia, na nikamzuia kwa barua asiiguse kompyuta wala kitu chochote mpaka ushahidi upatikane. Alitaka kunieleza jambo kwa mdomo. Nikamwambia aliandike.

2. Kuhusu mfagiaji. Skripti haziendi jaani kwa miguu yao. Mtu pekee anayetoka ndani ya chuo kwenda jaani ni Mama Akelo, ambaye ametufagilia tangu tulipofungua milango mwaka 1993. Nimemlalamikia mama huyu mara nyingi kwa mambo madogo. Huimba anapofagia. Hupanga viti kwa namna anayoijua yeye. Kalamu niliyoiacha sakafuni huikuta mezani. Basi tarehe 22 Januari tuliitisha kikao cha nidhamu, wajumbe sita na mwenyekiti ambaye ni mimi, tukamsomea ripoti iliyosahihishwa. Mama Akelo alisimama, akashika khanga yake, akasema: "Mwalimu, mimi natupa ya chini tu. Ya mezani sijatupa hata siku moja, Mungu ananiona." Aliyasema kwa kujiamini mno, na kikao kikaona kuwa huko ni kukosa majuto. Tulimsimamisha kazi bila kikomo. Akachukua fagio lake, maana kumbe lilikuwa lake mwenyewe, na kikombe chake cha bati, akaondoka.

Sikulala vizuri siku ile, nakiri. Ana watoto wanne, na mume wake alikwenda migodini Geita miaka mitatu iliyopita akanyamaza kabisa. Lakini ushahidi ni ushahidi, na watahiniwa arobaini na mmoja nao wana wazazi.

3. Kuhusu upekuzi. Jumatatu tarehe 25 niliwaongoza wahadhiri wanne kuingia jaani kwa reki na majembe. Tuliligawa jaa katika kanda nne, Kaskazini, Kusini, Mashariki na Iliyolowa. Tulipata mapanki ya sangara, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, kwa wingi wa kutisha, godoro moja, viatu visivyo na wenza, mifuko ya plastiki ya Rambo isiyo na idadi, na barua ya mapenzi kutoka kwa mhadhiri mmoja kwenda kwa mhadhiri mwingine, ambaye si mke wake. Barua hiyo niliisahihisha nikairudisha kwa mwenyewe. Skripti hatukuziona. Lakini, Bwana Afya, hatukuona folda vilevile. Tulitafuta kanda zote nne, hata folda moja hakuna! Na ripoti inasemaje? Inasema wazi kwamba ndani ya jaa hakuna folda. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kijana Obiero ni mkweli kwa asilimia mia, kwani mtu asiyekuwa na uhakika na jaa letu angewezaje kulijua jambo hilo?

Tangu siku hiyo nimelitangaza jaa kuwa chumba cha mtihani. Nimeweka kibao kinachosema KIMYA, MTIHANI UNAENDELEA. Mbuzi wa jirani wamezuiwa. Kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, wamekaidi amri na wanaendelea kuingia bila vitambulisho. Nimewaandikia onyo la kwanza.

4. Kuhusu mpakiaji wa darasa. Ripoti inasema dawa ni kumwomba mtu huyu. Ilinichukua siku mbili kumtambua, halafu nikajicheka kwa uzito wangu. Nani hupakia vitu vyetu? Ni Ngosha, mwenye mkokoteni, anayesimama pale kituo cha mabasi. Ndiye hutubebea taka zinapozidi, na mwaka juzi ndiye aliyepakia madawati ya darasa zima kutoka Buhongwa tulipohamisha tawi letu. Mpakiaji wa darasa ni yeye, hakuna mwingine mji mzima. Nikamwita ofisini, nikamkaribisha soda, nikamwomba kwa upole azitoe skripti. Aliinywa soda yote kwanza. Kisha akaniambia: "Mwalimu, mi napakiaga taka, na siku ile madawati. Mambo ya mtihani siyajuagi, ningeyajua nisingekuwa na mkokoteni." Nikamsomea ripoti. Akakuna kichwa, akasema kama imeandikwa na fundi basi huenda alizipakia bila kujua, maana yeye hachunguliagi mizigo ya watu. Huo ni nusu ya ukiri, na nimeuandika kwenye muhtasari.

5. Kuhusu mkondo. Sasa tunafika kwenye jambo linalonikosesha hamu ya kula. Soma tena maneno ya ripoti: "azitoe kama mkondo". Si kama karatasi, si kama furushi. Nilitoka ofisini nikasimama nyuma ya chuo nikatazama. Jaa letu limeinama upande mmoja. Upande ulikoinamia kuna mfereji. Mfereji unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unakwenda kumwaga ziwani. Januari mvua zilinyesha kama unavyojua. Bwana Afya, mimi nimesimamia mitihani ya taifa katika mikoa mitatu, na nimesikia kesi nyingi za mtihani kuvuja. Huu wa kwetu ni wa kwanza kuvuja kweli.

Nilikwenda mwenyewe mdomoni mwa Mirongo nikauliza akina mama wanaoanika dagaa kama wameona karatasi za hatimkato zikipita. Mmoja aliniambia kuna vitu vinapita vyenye mistari mistari, asivyovielewa. Hatimkato haina tofauti na hiyo kwa mtu asiyeisomea. Nilisimama pale nikitazama magugumaji yanavyocheza juu ya maji, na kila jani nililiona kama jibu la swali la nne.

6. Kuhusu sangara. Jambo lililobaki unaweza kulimalizia mwenyewe, lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu nitaliandika. Kitu kikiingia ziwani, sangara hukimeza. Sangara wakivuliwa hupelekwa viwandani, hukatwa minofu, na minofu hupanda ndege kwenda Ulaya. Hii ina maana kwamba mtihani wetu wa ndani, uliotungwa kwa siri kubwa na kufungwa kwa lakiri, unaweza kuwa umekwisha kuliwa na watu wa nchi za nje ambao hawakujisajili. Sisi wenyewe tunabaki na mapanki, ambayo, kama nilivyosema kwenye kifungu cha 3, nimeyakagua moja moja na hayana maandishi. Kwa hiyo skripti zimo kwenye mnofu. Hesabu haidanganyi.

7. Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Jaa lisizolewe tarehe 12, wala siku nyingine yoyote, mpaka Bodi ya Mitihani ya chuo ikae. Bodi hukaa mara moja kwa mwaka, mwezi Novemba.

(b) Ofisi yako itupatie mlinzi mmoja wa kuwaondoa kongoti, awe na elimu ya kidato cha nne, ili akiona skripti aitambue.

(c) Utege wavu mdomoni mwa Mirongo. Nashauri wenye matundu madogo kwa sababu Swali la Pili lilikuwa fupi.

(d) Uviandikie viwanda vya minofu vipekue matumbo ya sangara kabla ya kuyatupa, na watakachokikuta kitumwe kwangu kikiwa kimekauka.

(e) Kwa kuwa kazi zote za ufagizi katika ofisi za mji hupitia kwako, naomba jina la Mama Akelo liandikwe pembeni, ili asije akapewa fagio katika ofisi yako wala ofisi nyingine yoyote, maana mtu aliyetupa mitihani arobaini na moja leo, kesho atatupa kumbukumbu za kipindupindu. Nalisema hili kwa uchungu, lakini nalisema.

Najua utajiuliza kama hakuna njia nyepesi zaidi. Nilikwisha kujiuliza. Tungeweza kuwapa watahiniwa mtihani mwingine, lakini hiyo ingekuwa kukiri kwamba wa kwanza umepotea, wakati tunajua kabisa ulipo. Tungeweza pia kumruhusu Bwana Obiero afanye hiyo kazi yake ya siku mbili, lakini sioni fundi aliyekaa kwenye kiti ndani ya nyumba atatoaje kitu kilichoko nje kwenye taka. Mtu hatibu jipu la jirani kwa kujikuna.

Namalizia kwa kukutakia kazi njema na pua imara. Nisalimie mkeo, ambaye nilimfundisha Ngeli za Nomino mwaka 1979 na nasikia bado anazikumbuka. Wasalimie makarani wako wote, dereva wa trekta, na yule bwana wa masjala mwenye mwandiko mzuri. Hapa wote hatujambo, isipokuwa wahadhiri wawili wana upele wa mikononi tangu upekuzi, na mwenye barua haongei na mtu.

Wako katika kuilinda lugha pamoja na taka,

Mwl. Revocatus Luhaga
MKUU WA TAALUMA

Nakala: Mkurugenzi wa Chuo (asome akirudi safari).
Nakala: Ngosha, kituo cha mabasi (asomewe).
Nakala: Jalada.

Tanbihi. Barua hii ilikwisha kupigwa taipu na Queen katika nakala nne, ikagongwa muhuri na kupewa namba ya kumbukumbu. Kwa utaratibu wetu wa masjala, ambao mimi ndiye niliyeutunga, barua iliyopewa namba haifutwi. Huongezewa tu. Kwa hiyo naomba uyasome haya niliyoyaongeza kwa mkono, na usishangae.

Leo saa nne Bwana Obiero alifika kuchukua flopi zake na mwavuli. Queen akamfungulia chumba, bila kibali changu. Kumbe jana pia alimfungulia. Nilipoingia nimgombeze, mashine ya kuchapa ilikuwa inalia, na vyeti vinatoka. Vyote arobaini na kimoja, majina sahihi, alama sahihi. Nilimwuliza skripti amezitoa wapi. Akaniambia hazikuwahi kutoka popote.

Nitajaribu kukueleza kama alivyonieleza mimi, kwa mdomo safari hii. Kwao mafundi, skripti si karatasi za majibu. Ni maagizo yaliyoandikwa yanayoiambia programu jumlisha hivi, chapa vile. "Jar" si jaa. Ni aina ya furushi, ambamo fundi hufunga programu yake pamoja na maagizo yake yote ili aibebe kwa mkono mmoja. Alinitolea mfano wa gunia la dagaa. Dagaa wakiwa bado kwenye chanja unaweza kumwambia mtu, nenda chanja ya pili, chukua. Ukishawafunga kwenye gunia, hakuna chanja tena, na mtu yule atazunguka akitafuta chanja mpaka jua lizame huku gunia liko mgongoni mwake. Programu yetu ilikuwa mtu huyo. Aliyepaswa kuulizwa ni yule aliyelifungua gunia, kwani ndiye ajuaye kilichomo, na yeye humimina kidogo kidogo mpaka kiishe. Huyo mwenye gunia kwa Kiingereza ana jina, class loader, ambalo kamusi yangu ililigeuza kuwa mpakiaji wa darasa, na huko kumimina ndiko ilikokuita mkondo. Neno lililobaki, lile lenye R, kijana hakulipata kwenye kamusi, akaliacha lilivyo na kutumaini kwamba nitamwuliza. Mimi nikalisahihisha.

Nilimwuliza basi skripti zangu ziko wapi, zile za karatasi, maana bado nilikuwa natafuta pa kusimama. Kijana hakujua. Queen ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Si ziko kabatini kwako, Mwalimu? Uliziweka mwenyewe Novemba." Nikalifungua kabati. Zilikuwa pale. Zimepangwa kwa namba za watahiniwa, zimefunikwa kipande cha khanga kuukuu, na kila pembe imewekwa kidonge cha nondo ili mende wasizile. Mimi sijui kupanga hivyo, na khanga si yangu. Queen akaniambia kila Ijumaa Mama Akelo alikuwa akizifuta vumbi na kubadilisha vidonge, na kwamba vidonge alikuwa akivinunua mwenyewe.

Nilikaa kwenye kiti. Naona haya, Bwana Afya, na nimetafuta neno jingine lililo sanifu zaidi nimelikosa.

Kwa hiyo jaa lizoe. Lizoe hata leo, usingoje Ijumaa. Kibao cha KIMYA nitakitoa mwenyewe. Wavu, matumbo ya sangara na mlinzi wa kidato cha nne uvisahau. Ngosha nimemwita nikamwomba radhi, akaniuliza kama soda ipo.

Limebaki ombi la 7 (e). Nilipotaka kumtuma Queen aende kwa Mama Akelo Igogo akamwambie arudi kazini, Queen aliniambia Mama Akelo haonekani nyumbani mchana. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita anafagia ofisini kwako, na kwa kuwa tarishi wenu anaumwa, ndiye anayepokea barua mlangoni na kukuwekea mezani. Basi barua hii imepita mikononi mwake kabla ya kufika kwako, na bahasha, kwa sababu gundi yetu imekwisha, nimeikunja tu.

Nakuomba umsomee tanbihi hii peke yake, na ya juu yote umfichie. Na kama anajua kusoma, jambo ambalo kwa miaka sita sikuwahi kumwuliza, basi atakuwa amekwisha kuisoma yote, na mama huyo mnayemwona akifagia hapo mlangoni, msimwulize kitu. Nakuja mwenyewe.

R. L.